Mtani Aliyepanda Pikipiki ya Mjomba

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na wala sikuwa nimekunywa kitu. Jua lilikuwa utosini, na mimi nilikuwa macho kama nilivyo macho sasa hivi ninapozungumza na wewe. Nasema hivi mapema kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki hutokea mtu anayejifanya ana huruma, akaniambia, "Bibi, labda lilikuwa jua." Watu wa namna hiyo nimewajibu miaka yote hii, na baadhi yao nimewazika. Kama na wewe umekuja na jua lako, liache nje, ukae usikilize.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka Burma. Mjomba wangu Mfaume, kaka yake mama, alikuwa mmoja wa hao waliorudi. Alirudi na mguu wa kushoto uliopinda na ujuzi wa pikipiki, maana huko vitani kazi yake ilikuwa kupeleka barua za wakubwa. Haikupita muda akanunua pikipiki kwenye mnada wa vitu chakavu vya jeshi, ya kijani, nzito, yenye kishindo cha kutawanya kuku mji mzima. Pale Kisarawe kila mtu aliijua. Mjomba hakujaliwa mtoto. Mimi ndiye niliyemshikia spana tangu nikiwa msichana mdogo, na nilipoachika, nikarudi kwa mama na kifurushi kimoja cha nguo, yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuniuliza nilimkosea nini mume wangu. Alinipa kitambaa akaniambia nifute kabureta.

Kisha kifua kikambana. Aliugua muda mrefu, na pikipiki ikakaa nyuma ya nyumba ikinyeshewa mpaka kutu ikaila. Siku moja akiwa kitandani alimwambia mama, mimi nikiwapo, "Ile ya nje ni ya mpwa wangu. Mwingine asiiguse." Mama alisikia vizuri. Lakini mdogo wao wa mwisho, mjomba Shomari, hakuwapo, na alipoambiwa alisema maneno ya mgonjwa si maneno. Alikuwa ameshapata mtu wa kumuuzia. Tena akaongeza, mwanamke na pikipiki wapi na wapi.

Sasa sikiliza nilichokuwa nakitaka. Nilitaka kuifufua ile pikipiki nipeleke chumvi, viberiti na mafuta ya taa vijiji vya ndani, Vihingo mpaka Gwata, nile jasho langu mwenyewe, nisije nikarudi kwa mume yeyote kwa sababu ya njaa. Basi. Sikutaka kingine. Kosa nililolifanya lilitoka hapo, na silifichi.

Mjomba alikuwa na mtani wake, Mnyamwezi mmoja wa Magindu aliyeitwa Mzee Mihambo. Alikuja huku zamani kwa kazi za reli, akaoa, akafuga ng'ombe, akabaki. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hilo unalijua, na haki za mtani kwenye msiba unazijua pia. Ukifiwa, unampelekea habari. Anakuja watu wakilia, anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akila, anamtukana mbele ya jeneza na hakuna wa kumkasirikia. Halafu anachukua kitu alichokipenda marehemu, anakikalia, na haondoki mpaka wafiwa wakigomboe. Atakalolisema juu ya kitu hicho mbele ya watu, hakuna ndugu wa kulipinga. Sasa Mzee Mihambo kila alipokuja kwetu alikuwa akiipigapiga ile pikipiki kwa fimbo yake akisema, "Mfaume, ukifa wewe, mimi na hii. Nitaikalia mpaka ndugu zako walie mara ya pili." Mjomba alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Mimi sikuwa nacheka.

Asubuhi ile mjomba alipofariki, mama alinituma mimi. Aliniambia niende barabarani nimtafute dereva wa lori la Mlandizi, nimpe habari, awaachie watu wa treni wamfikishie Mzee Mihambo. Nilikwenda. Lori nililikuta. Dereva nilimfahamu, akanipa pole, akaniuliza kama kuna ujumbe wowote. Nikamwambia hakuna. Nikasimama nikalitazama lori mpaka likapotelea kwenye kona, kisha nikarudi nikamwambia mama nimeshatuma.

Unaniuliza kwa nini? Niliogopa. Nilijua Mzee Mihambo akikaa juu ya ile pikipiki, Shomari ndiye atakayejitokeza kuigomboa, kwa kuwa ndiye mwanamume aliyebaki, na akishaigomboa yeye mbele ya watu, mimi sina changu. Nikaona heri mtani asije. Tukamzika mjomba kimya kimya. Wazee walikuwa wakitazamana, kila mara mtu anageuka kuangalia njia. Mama akasema labda treni imechelewa. Arobaini ikapita, watu wakatawanyika.

Kesho yake nikaanza kazi. Kwanza nilitoa magurudumu yote mawili nikayaweka uvunguni mwa kitanda changu. Shomari alikuja na vijana wawili kuichukua, wakakuta kiunzi kimekalishwa juu ya matofali. Nikamwambia chukua basi, mjomba, beba kichwani. Aliondoka akitukana, na mimi nikaendelea kufungua nati.

Tangi lilikuwa limejaa kutu. Nilitia kokoto na mafuta ya taa, nikalipakata mapajani na kulitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, nikamwaga uji wa rangi ya matofali, nikatia tena. Siku nne. Kabureta niliizibua tundu lake kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, kama mjomba alivyonifundisha, maana waya hulipanua tundu na injini ikawa inakunywa mafuta ovyo. Plagi nikaisugua kwa msasa. Mnyororo nikauloweka kwenye oili chafu. Mipira ya ndani ilikuwa viraka juu ya viraka. Kiti nilikijaza sufi, mama akanishonea ngozi juu yake, ananung'unika lakini anashona. Nyuma nikamwambia mhunzi anitengenezee keria pana ya chuma, ya kutosha mifuko miwili ya chumvi.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya kumi, kimya. Ya ishirini na ngapi sijui, ikanirudishia teke nikachechemea siku mbili. Siku ya tatu nikaipiga tena kwa mguu mwingine, ikawaka. Mama alikaa chini mlangoni akalia, kwa sababu ilikuwa sauti ya kaka yake inarudi nyumbani. Mimi pia nililia, lakini sikuizima.

Basi nikaanza biashara. Nilivaa suruali ya kaki ya mjomba, kanga nimejifunga juu yake. Wanawake kisimani walinizomea, nikawapigia honi. Askari mmoja alinisimamisha akaniuliza mwenye pikipiki yuko wapi, nikamwambia unazungumza naye. Ndani ya mwezi mmoja vijiji vya Vihingo vilikuwa vimeshanizoea, wanasikia mlio wanatoka na vibakuli vya chumvi.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye msitu wa Vihingo. Nimebakiza mfuko mmoja nyuma, naelekea Gwata. Adhuhuri, hakuna kivuli hata cha kuweka unyayo. Mbele yangu nikamwona mtu katikati ya njia, amejifunga lubega, fimbo imelala mabegani na mikono imening'inia juu yake kama wachungaji wanavyosimama. Nikafunga breki. Alikuwa Mzee Mihambo.

Moyo ulinipasuka, lakini si kwa sababu unayoidhani wewe. Mimi nilijua yu hai. Nilichoogopa ni kwamba ameiona pikipiki.

"We mtoto wa wacheza ngoma," akasema, "hiyo umeiiba, au Mfaume kachoka nayo?"

Nikacheka kicheko cha uongo. Nikamwambia mjomba kaniazima.

"Hajambo?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimeketi juu ya kile kitu, moto wa injini unanichoma mguu, na haki ya mtani inaanza pale anaposikia habari. Nikasema, "Hajambo. Kifua tu kinamsumbua."

"Mwambie nimemngoja," akasema. "Nimemngoja sana." Akazunguka nyuma akapanda juu ya mfuko wa chumvi bila kuuliza.

Njia nzima alikuwa akimsema mjomba. Kwamba anaendesha kama mtu aliyetoroka jandoni. Kwamba Wazaramo wakisikia ngoma majembe yao yanaota kutu. Nilikuwa nacheka kidogo, nashika usukani. Jambo moja tu lilinishangaza. Mtu mzima akikaa kwenye keria, nyuma inashuka na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Haikushuka. Tulipofika njia panda ya Gwata nikapunguza mwendo nimuulize anashukia wapi, nikageuka, hapana mtu. Mfuko wa chumvi ulikuwa umejaa vile vile, hauna hata bonde la mahali alipokaa.

Nilijiambia ameruka. Mzee yule aruke kwenye pikipiki inayokwenda? Ndiyo, ndivyo nilivyojiambia, kwa sababu nilikuwa na wateja wananisubiri na sikutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Juma lililofuata alisimama pale pale. Sikufunga breki. Nilimpita kwa kasi, vumbi likamfunika, nikasema nimemweza. Sikwenda hatua ishirini nikasikia nyuma ya shingo yangu, karibu kabisa, "Mfaume hajambo?" Nikajibu hajambo. Safari hii nyuma ilishuka kidogo. Mara ya tatu ikashuka zaidi. Akiuliza najibu hajambo, na kila nikisema hajambo anazidi kuwa mzito. Niamini, nilikuwa nausikia uzito wake unaongezeka kwenye usukani neno likinitoka.

Pale Gwata mama mmoja mteja wangu alinikuta nimesimama pembeni nabishana. Akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia ni Mzee Mihambo wa Magindu, kashuka sasa hivi.

Alishusha kibakuli chake chini. "Mihambo wa ng'ombe? Mwanangu, huyo alikufa masika. Mimi mwenyewe nilikwenda kwenye mazishi."

Masika. Mjomba wangu tulimzika kabla ya masika. Maana yake siku ile ya lori Mzee Mihambo alikuwa hai kwake Magindu, mzima, na angekuja.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimembeba nani. Sikumwambia la lori. Mama alimleta mganga, na mganga akazunguka pikipiki mara tatu akasema chombo kimeingiliwa, kitupwe Mto Ruvu. Shomari naye akatokea, sijui nani alimwita, akasema kisitupwe, kiuzwe, tena kiuzwe mbali. Nilimwambia mganga akitaka kutupa kitu mtoni atupe mkoba wake. Nikamwambia Shomari akaribie aiguse nimwone. Walisema nimerogwa. Labda. Lakini ile pikipiki ilikuwa imenilisha miezi mitatu, na miongoni mwao hapakuwa na aliyenilisha hata siku tatu.

Tatizo ni kwamba dawa niliijua mwenyewe. Nilitakiwa kumwambia mjomba amekufa. Na nikimwambia, ataikalia pikipiki kwa haki yake. Mtu hai unaweza kumgomboa kwa jogoo. Maiti utamgomboa kwa nini, na nani atamshusha?

Siku kadhaa sikuingia barabarani. Chumvi ikaanza kuyeyuka ndani. Asubuhi moja nikapandwa na hasira, wallahi, hasira kabisa, nikasema mimi sikuanza kazi hii ili nikae ndani namuogopa mzee mmoja. Nikatia mafuta, nikafunga kanga, nikaondoka. Nilijipangia nifike Vihingo jua likiwa utosini, nimpakie, nimpeleke kwao Magindu, na huko tumalizane.

Alikuwa pale. Nikasimama mwenyewe, nikamwambia, "Panda, mtani. Leo nakufikisha nyumbani."

Alipanda, na pikipiki ikalia kama inavyolia ikipakiwa magunia. Tukapita Vihingo, tukapita njia panda ya Gwata, nikashika njia ya Magindu. Hakutania hata neno moja. Mbele kidogo tairi la nyuma likapasuka. Tukayumba, nikaishikilia, tukasimama. Nikashuka. Yeye hakushuka. Nilimtazama akiwa amekaa pale mchana kweupe, jasho halimtoki, nzi hawamgusi, na macho yake yananiangalia kama ya mtu aliyechoka kungoja.

"Mfaume hajambo?" akauliza.

Nikasema, "Mfaume amekufa. Amekufa kabla yako. Mimi ndiye niliyetumwa nikuletee habari, na sikutuma."

Nilidhani atanipiga na ile fimbo, na kweli ningekubali. Badala yake alishuka. Akaisimamisha pikipiki kwa stendi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaanza kutembea kuja kwangu. Alikuwa akitembea mwendo wa mjomba. Ule mguu wa kushoto uliopinda, ule ukaidi wa kuvuta kiuno kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine, kila kitu. Akafika kwenye tangi, akalipiga makofi matatu, akatema mate pembeni, akasema kwa sauti ya mjomba ile ile ya kukwaruza, "Bismillah, twende mwanaharamu." Hivyo ndivyo mjomba alivyokuwa akiiwasha kila siku ya maisha yake.

Nilicheka. Niliangua kicheko katikati ya njia, na kicheko kikageuka kilio, na sikuweza kukizuia. Tangu mazishi nilikuwa sijamlilia mjomba wangu sawasawa. Nilikuwa na nati za kufungua. Mzee Mihambo aliendelea kumwiga, alivyokuwa akinywa chai na kupuliza hata iliyopoa, alivyokuwa akiogopa jongoo baada ya kupigana vita vizima, na alimtukana matusi ambayo sitayarudia hapa, na mimi nilikaa chini kwenye vumbi nikalia mpaka kanga ikalowa.

Alipomaliza akapanda tena, akakaa sawasawa. "Sasa hii ni yangu," akasema. "Nigomboe."

Nikafuta uso. Nikamwambia sina jogoo, na hata ningekuwa naye asingeweza kumla. Nikamwambia, "Na pikipiki siiachi. Nimeifufua kwa mikono hii."

"Na mimi nani alinitania?" akauliza. "Nilizikwa kimya kimya kama Mzungu. Hakuna Mzaramo hata mmoja aliyekuja kunitukana."

Hapo nikaelewa anachotaka. Nikashika usukani nikaanza kusukuma. Nilimsukuma akiwa juu, tairi limelala, kutoka pale mpaka Magindu, na kama unadhani ni mzaha, jaribu siku moja kusukuma pikipiki ya jeshi yenye mtu juu yake kwenye mchanga. Njiani tulikutana na kundi la ng'ombe. Mchungaji aliniona mimi na pikipiki tupu, akaniuliza mbona natoka jasho namna hiyo. Lakini ng'ombe wake waligawanyika pande mbili, wakaacha nafasi kubwa nyuma yangu, na ndama mmoja akasimama akainua shingo kutazama keria. Huyo ndama nakuapia aliona. Nikaendelea kusukuma.

Jua lilikuwa limeshapinda nilipofika kwa Mzee Mihambo. Binti yake, Nyamizi, mwanamke wa makamo, alikuwa anachambua mtama. Sikumsalimia. Nilipaza sauti majirani wasikie, nikasema, "Nimekuja kumwona yule mpagazi, mbeba pembe za watu, yuko wapi? Ameona Mzaramo anakuja na mzigo akajificha kaburini asipewe kubeba?" Watu walisimama. Nyamizi alinitazama, suruali, kanga, vumbi mpaka kope, akaweka ungo chini taratibu. Akajua mimi ni nani na nimeleta nini. Alipiga yowe la msiba.

Walinipeleka kaburini. Nilifanya yote. Nilitembea mwendo wake, nikaning'iniza mikono kwenye fimbo, nikaita ng'ombe wasiokuwapo, nikamtukana mpaka watoto wake wakacheka na kujipangusa macho. Nilipotazama nyuma, keria ilikuwa tupu.

Jioni tulipokaa, nikawaambia kila kitu, pamoja na la lori. Nyamizi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniambia baba yake alipougua walitaka kutuma habari Kisarawe, akakataa. Alisema kama Mfaume ni mzima angeshakuja, na kama hakuja basi amemtupa. Alikufa akiamini hivyo. Kisha akaniuliza, "Kwani wewe hukuambiwa habari ya pikipiki?"

Nikamuuliza habari gani.

"Mjomba wako alikuja hapa kabla hajalala kitandani. Walipanga wawili. Alimwambia baba, 'Nikifa uikalie, na usiiachie mpaka useme mbele ya watu wote kwamba ni ya mpwa wangu wa kike. Ndugu yangu atabisha nikisema mimi, atabisha akisema dada yangu, lakini wewe mtani hatakubishia.' Baba alikuwa ameshaandaa na maneno ya kusema. Alikuwa akituchekesha nayo hapa."

Wewe ungejibu nini? Nilikuwa nimemzuia njiani mtu pekee aliyekuwa anakuja kunikabidhi.

Asubuhi yake Nyamizi alikaa juu ya pikipiki, akashuka, akanikabidhi usukani mbele ya majirani zake. Nikaziba tairi, nikarudi Kisarawe, nikamwambia mama ukweli. Mama alikaa siku tisa bila kusema nami. Shomari alinipeleka kwa jumbe, na jumbe akauliza swali moja tu, mtani alisema nini msibani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikasema la Magindu, akasema la Magindu halikusemwa Kisarawe. Kesi ikaning'inia pale. Pikipiki nilibaki nayo kwa ubishi, miaka kumi na mmoja, nikaishi kwayo, nikajenga nyumba hii unayokaa. Sikuitupa mtoni, sikuiuza, sikurudi kwa mume. Lakini Shomari alikufa hajanisalimia, na wanawe mpaka leo wakiniona wanavuka upande wa pili. Ugomvi wote huo ungekwisha kwa maneno ya mzee mmoja amekaa juu ya pikipiki.

Na kila nilipopita Vihingo jua likiwa utosini, nyuma ilishuka. Kidogo tu. Nilikuwa namwambia karibu mtani, nabadilisha gea, naendelea.

Kwa hiyo ukifiwa, tuma habari. Mpelekee mtani wako, na kama kuna unayemwogopa, huyo mpelekee wa kwanza, maana hujui amebeba nini kwa ajili yako. Usiniambie barabara mbaya, usiniambie ulisahau. Na ukishakosea kama mimi, ukamkuta mtu amesimama njiani anakuuliza kama fulani hajambo, mwambie ukweli pale pale, kabla hajapanda.